Zaburi Iliyoishia Gizani

Wapendwa katika Bwana,

Miongoni mwa maombi yaliyoletwa wiki hii na vijana wetu walioko vyuoni, mengi yalikuwa yale tuliyoyazoea kila mitihani inapokaribia: niombeeni nifaulu, niombeeni ada ipatikane, niombeeni msimamizi wa utafiti wangu alainike moyo (hilo nililiombea kwa bidii ya pekee, maana nami nilipita huko). Katikati yao palikuwa na karatasi isiyo na jina, yenye mstari mmoja tu: "Niombeeni nipate usingizi, maana hata kuomba mwenyewe siwezi tena." Maneno hayo hayajanitoka moyoni tangu nilipoyasoma, na sikuona jambo lingine la kuwaandikia.

Zaburi inayomfaa aliyeandika hivyo ni ile ambayo wengi wetu huiruka, yaani Zaburi ya 88. Karibu zaburi zote za maombolezo hugeuka mahali fulani, na yule aliyeanza kwa kulia huwa ameanza kusifu kabla hajamaliza. Hii haigeuki. Inaanza kwa kumwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu", inakiri kwamba nafsi imeshiba taabu, inasema "Nimefungwa wala siwezi kutoka", inataja mateso yaliyoanza tangu ujana, kisha inakoma gizani, marafiki wakiwa mbali. Anwani yake inaihusisha na Hemani Mwezrahi, na jina la Hemani tunalikuta pia katika 1 Wafalme 4:31, miongoni mwa watu ambao Sulemani alisifiwa kwa kuwazidi hekima. Basi kijana mwenye alama za juu darasani asishangae kuona kwamba akili nyingi hazikumkinga, wala wazazi wake wasiseme, "Huyu ana tatizo gani, mbona anafaulu?"

Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba zaburi hii ilikabidhiwa kwa mwimbishaji, nayo ni wimbo wa wana wa Kora, waliokuwa waimbaji wa hekaluni. Maana yake ni kwamba kilio cha mtu mmoja kiliwekwa vinywani mwa wengi, na watu waliokuja ibadani na furaha zao waliimba giza la mwenzao kana kwamba ni lao, wala hakuna aliyeona haja ya kuongeza ubeti wa furaha mwishoni ili kusanyiko lirudi nyumbani limechangamka. Roho Mtakatifu aliiacha hivyo ilivyo. Ndugu yangu unayelala ukitazama dari mpaka kunakucha, sala yako isiyo na amina imo ndani ya Maandiko, na unapoileta mbele za Mungu ikiwa haijakamilika, unasali sala ambayo watu wake waliisali kabla yako. Huna deni la kuchangamka ndipo usikilizwe. Hemani alilia mchana na usiku bila kuona nuru, na kulia kwake kukahesabiwa kuwa ibada.

Hapa niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, kwa sababu vikundi vyetu vya maombi vyuoni havifanyi kama wana wa Kora. Ushuhuda tunaoupigia makofi ni wa aliyekwisha kutoka shimoni. Aliye bado shimoni hujifunza kutabasamu, na mara nyingi ndiye anayeongoza sifa, ndiye anayepanga viti, ndiye anayejua kwa moyo "Furahini katika Bwana siku zote" na kuutumia mstari huo kujihukumu. Akithubutu kusema, tunamwambia aongeze imani, afunge, atafute dhambi iliyojificha. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema siku saba mchana na usiku walipokaa naye kimya. Ubaya ulianza walipofumbua vinywa. Na yule anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili athibitishe imani yake anatenda jambo la hatari, naye aache mara moja. Paulo aliwaombea wagonjwa wakapona, na bado alikuwa na Luka, "yule tabibu mpendwa", karibu naye.

Sonona, ile ambayo wengi huiita "depression", ni ugonjwa. Msongo wa mawazo wa mitihani kwa kawaida hupungua karatasi ya mwisho ikishakusanywa, ilhali sonona huweza kubaki hata matokeo yakitoka mazuri. Huzuni, au kutoonja ladha ya chochote, ikimshika mtu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kumshinda, akili kutotulia na kujiona hafai, hiyo ni sababu ya kutosha kumwona daktari au mshauri nasaha. Dawa nyingi za sonona huhitaji wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wengi huziacha mapema wakidhani zimeshindwa. Maradhi mengi ya akili huanza katika ujana, kabla ya miaka 25, umri ule ule ambao kijana amepelekwa mbali na nyumbani akiwa amebeba matumaini ya ukoo mzima.

Mimi mwenyewe, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilikuwa nafungua kitabu jioni na kukikuta usiku wa manane kiko ukurasa ule ule. Rafiki yangu mmoja alilitambua hilo. Hakunihubiria. Alikuja na daftari lake, akakaa upande wa pili wa meza, akasoma mambo yake, akaondoka. Akarudi kesho yake na siku zilizofuata. Hatimaye aliniambia tu, "Vaa viatu, twende zahanati," tukakaa pamoja kwenye benchi la wagonjwa, yeye akiwa na mtihani wake alasiri ile. Ninapoisoma habari ya Gethsemane, ambapo Bwana wetu alisema wazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, na akawaomba wanafunzi wakeshe pamoja naye, namkumbuka rafiki huyo. Petro na wenzake walilala. Yeye hakulala.

Kwa hiyo katika ibada ya maombi ya wiki hii tutaisoma Zaburi ya 88 yote kwa sauti, na hatutaunganisha zaburi nyingine baada yake. Wazazi, kijana akirudi likizo, swali la kwanza lisiwe la alama. Nanyi mnaoishi naye bwenini, mkimwona anagawa vitu vyake, anaaga watu kwa namna isiyo ya kawaida au anasema kwamba wenzake wangepumzika asipokuwepo, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Kwa wengi huwa ndiyo mara ya kwanza kupata mtu wa kumwambia. Akikubali, usimwahidi kuificha siri hiyo wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na kama ni usiku, usiku huo huo.