Kuta za Sinza: mradi wa picha, Oktoba

Mwezi huu nimeacha kutoka na kamera asubuhi. Kila anayejifunza picha huambiwa saa sita mchana apumzike, jua kali linaharibu nyuso. Kwa nyuso sibishi. Kwa kuta za hapa Dar es Salaam, hasa Oktoba, saa sita ndiyo saa yenyewe. Jua linakuwa utosini kabisa karibu na tarehe 10, kwa hiyo mwanga unateremka ukutani ukiugusa kwa juu juu tu, na chochote kilichonyanyuka hata kidogo kinatoa kivuli: mkwaruzo wa mwiko wa fundi, ufa uliozibwa, herufi zilizopakwa rangi juu yake.

Kuna ukuta mmoja nyuma ya Shekilango ambao nimeupita tangu nasoma shule ya msingi. Rangi ya krimu, maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno hayo yapo mji mzima, matapeli na ndugu wenye tamaa ndio waliotufikisha huko, na ndiyo maana macho yalikuwa yanayaruka. Sasa saa sita na robo hivi, chini ya nyekundu ile, yanajitokeza maneno mengine makubwa zaidi: MAZIWA MGANDO. Aliyeyaandika alitumia rangi ya mafuta, nzito, na kingo za herufi bado zimevimba chini ya krimu. Pembeni kuna mshale. Unaelekeza upande wa kulia, mahali ambapo hakuna kitu, ila ukisogea unaona mstari wa plasta ukipanda wima, ukikata kulalia, ukishuka tena. Hapo palikuwa na geti. Nyumba imegeuka, sasa inaingilia uchochoroni.

Nilikuwa bado nimechuchumaa pale mama mwenye nyumba alipotoka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mnapima tena?”

“Hapana mama, napiga picha ukuta tu.”

“Ukuta una nini?”

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaangalia, akacheka, akasema maziwa yalikuwa ya mama mkwe wake, na kwamba watu waliendelea kugonga kuulizia muda mrefu baada ya friji kufa. Hilo la “mnapima” nimelizoea. Anayeitazama nyumba ya mtu sana mji huu ni dalali, mpimaji au mwizi, kwa hiyo nasalimia kwanza, kamera baadaye. Nyuso sipigi, na namba za simu zilizoandikwa ukutani nazifuta kwenye picha.

Nilichoanza kukiona baada ya huo ukuta ni kwamba fensi nyingi mtaani zina umri tofauti juu na chini. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Kwenye baadhi ya nyumba za zamani, sehemu ya chini ya ukuta bado ni matofali ya urembo, yale yenye matundu ya maua, yanayofika kiunoni. Juu yake zimepandishwa tofali za kawaida, juu ya tofali chupa zilizovunjwa, na siku hizi juu ya chupa nyaya za umeme. Matundu ya maua mengi yamezibwa kwa simenti. Yasiyozibwa ndiyo ninayoyatafuta. Watoto wanapitishia hela ya barafu humo.

Vibao vya anwani za makazi, vile vya mwaka 2022 kabla ya sensa, nimevipiga pia lakini havinivutii sana. Ni vizuri, vimenyooka, na hakuna anayevitumia kukuelekeza. Utaambiwa ushuke kwa Remmy, na Remmy Ongala alifariki 2010.

Kuhusu kazi iliyobaki: kuta zinazotazama kaskazini nimezimaliza haraka haraka wiki ya kwanza, maana jua likishapita kwenda kusini zinaingia kivulini saa sita mpaka mwanzoni mwa Machi. Sasa ni zamu ya zinazotazama kusini, mawingu ya vuli yakiruhusu. Wasiwasi wangu ni Krismasi, watu wanapaka rangi. Fundi rangi wa mtaa wetu ameshapewa kuta mbili zilizo kwenye orodha yangu, na nimemwomba anipigie kabla hajaanza kukwangua.