Wiki sita na Johnny Dollar

Mwaka jana nilipasuliwa macho, mtoto wa jicho, kwanza la kulia kisha la kushoto. Wiki sita nzima nilitakiwa nisisome, nisitazame runinga, nisiinamie simu. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kukagua marejesho ya masurufu, karatasi asubuhi hadi jioni, na kumfumba macho mtu kama mimi ni kumnyima kazi, starehe na ugomvi kwa mkupuo mmoja.

Redio ilinitosha siku tatu. Siku ya nne mpwa wangu anayesoma chuo hapa Dodoma akaja kunijulia hali.

"Shikamoo mjomba. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Nahesabu boriti za dari, na hata hizo sizioni."

Alikuwa anajua kwamba nimekulia kwenye michezo ya redio. Akina Pwagu na Pwaguzi nyumbani kwetu walijulikana kuliko majirani. Akanijazia kwenye simu michezo ya kipelelezi iliyorushwa na redio za Marekani miaka ya 1940 na 1950, akanifundisha kubonyeza spika ya masikioni kwa kupapasa. "Kiingereza si tatizo kwako, mjomba," akasema. Hapo ndipo aliponidanganya.

Nilianza vibaya. Faili la kwanza lilikuwa la Pat Novak, sauti ya Jack Webb, la mwaka 1949. Novak hata si mpelelezi mwenye leseni: anakodisha boti kwenye gati la San Francisco na hufanya kazi yoyote yenye malipo. Anaongea harakaharaka kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa tangu utotoni, na kila sentensi ina tashbihi yake. Mwanamke akiingia analinganishwa na kitu fulani, ukungu na kingine, na kabla sijamaliza kutafuna ile ya kwanza watu wawili wameshakufa na Inspekta Hellmann anamkaba Novak juu ya maiti. Mtu mmoja akatishia kwa "heater". Nikafikiri San Francisco kuna baridi, wanazungumzia hita. Dakika kumi baadaye ndipo nikang'amua kwamba ni bastola, kama vijana wetu wanavyosema mguu wa kuku. Nilirudia kipindi kile mara tatu na hadi leo siwezi kukuambia nani alimuua nani.

Nikataka kuacha. Kilichoniokoa ni uhasibu.

Faili lililofuata lilikuwa la Johnny Dollar. Huyu ni mpelelezi wa bima wa kujitegemea, makao yake Hartford, Connecticut, na kampuni za bima humwita zikihisi kuna dai la uongo. Mchezo mzima ni marejesho ya matumizi yake! Anaanza kwa kutaja kampuni anayoiandikia, kisha kifungu cha kwanza: nauli ya teksi, dola kadhaa na senti zake. Kifungu cha pili: tiketi ya ndege. Cha tatu: chakula cha jioni na mjane wa marehemu. Nilikaa kitako kitandani. Hii lugha naijua. Miaka zaidi ya ishirini watu wameniletea hadithi za namna hii, tofauti ni kwamba zao hazina maiti.

Basi nikaanza kufuatilia kwa vidole. Kila kifungu, kidole kimoja. Nikagundua kuwa kila matumizi ni kituo: teksi maana yake tumetoka ofisini, chumba cha hoteli maana yake tumefika mji mwingine, bili ya daktari maana yake ameshapigwa kichwani. Nikipotea katikati ya mazungumzo sihangaiki. Nasubiri kifungu kinachofuata, kitanieleza tuko wapi. Mwandishi wa redio hana pazia la kushusha wala taa ya kuzima, na msikilizaji hana macho, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumshika mkono. Kwa Dollar mshika mkono ni hesabu. Wapelelezi wengine wa redio wana njia zao: Sam Spade yeye anamsomea katibu wake Effie ripoti ili aiandike, na Philip Marlowe anatusimulia mwenyewe moja kwa moja. Novak naye anasimulia, lakini anakushika mkono huku anakimbia.

Halafu nikachagua vizuri zaidi. Kuanzia Oktoba 1955, kwa mwaka mmoja na kidogo, Johnny Dollar alirushwa dakika 15 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, shauri moja kwa sehemu tano, mwigizaji akiwa Bob Bailey. Kwa mgonjwa hakuna kipimo bora. Mwanzo wa sehemu unakukumbusha ya jana, na kuna nafasi ya watu kuzungumza kama watu badala ya kukimbilia risasi. Mimi nilikuwa natiwa matone ya macho mara nne kwa siku, nikafunga ndoa ya vitu hivyo viwili: tone, sehemu moja. Sehemu ya tano ikawa inalala mpaka asubuhi. Mke wangu alishangaa kuniona nadai dawa kabla ya saa kumi na mbili.

Ilipofika wiki ya tatu masikio yalikuwa yamenoleka. Nilianza kusikia barafu kwenye glasi, nikajua tumeingia nyumba ya tajiri. Nikajua mlango wa ofisi na mlango wa gari. Studio za siku zile fundi wa milio alikuwa na mlango mzima uliosimamishwa kwenye fremu yake, na masanduku ya kokoto ya kukanyagia, akifanya yote papo hapo huku waigizaji wakisoma karatasi zao mbele ya maikrofoni. Ukijua hivyo unasikiliza kwa heshima nyingine.

Lakini masikio makali yalinipa tatizo jipya. Nilikuwa nawatambua watu kwa sauti, na sauti zilikuwa zinarudi! George Valentine wa mchezo mwingine, yule anayetafuta kazi kwa tangazo la gazeti, nilimsikia dakika mbili tu nikapiga kelele: huyu ni Dollar. Kweli, ni Bob Bailey yuleyule. Katibu wa Valentine, Brooksie, alikuwa na sauti ya Helen, yule mchumba tajiri wa mpelelezi Richard Diamond ambaye Dick Powell, mwigizaji wa Diamond, humwimbia mwisho wa kipindi. Na sauti hiyohiyo nikaikuta kwa Betty, rafiki wa kike wa Dollar. Mpwa akanithibitishia: Virginia Gregg, mwanamke mmoja kwa wanaume watatu. Hollywood ya redio ilikuwa kijiji. Tangu hapo nikaacha kumshuku mtu kwa sauti, nikamshuku kwa anachokifanya.

Kwa Sam Spade lilinipata jingine. Nilishamzoea mwigizaji wake, Howard Duff: kicheko chake, ile namba ya leseni 137596 anayoitaja kila mara, hata matangazo ya mafuta ya nywele ambayo nilikuwa nayatumia kupumzika na kupanga watuhumiwa. Siku moja nikafungua faili, Spade si yeye. Nilitoa spika sikioni nikaipuliza. Kumbe mwaka 1950 jina la Duff lilichapishwa kwenye orodha ya watu wa redio na televisheni walioshukiwa ukomunisti, kipindi kikaondolewa, kisha kikarudi na Steve Dunne na kufa mwaka 1951. Mwaka huohuo Dashiell Hammett, aliyemuumba Spade, alifungwa jela kwa kukataa kujibu maswali mahakamani. Dunne hana kosa, maskini. Ila anaongea kama mwana kwaya aliyeazimwa koti la babake.

Wiki ya tano nikamrudia Novak. Safari hii sikuzisaka tashbihi. Niliziacha zipite kama abiria wa daladala, nikabaki na vitu vitatu tu: nani kamlipa, nani kafa, nani kamdanganya. Nikafika mwisho nikiwa na watu wote mkononi. Ukweli wa njama ulikuwa mwembamba sana, na nadhani ndiyo sababu ya maneno mengi kiasi kile.

Kipindi cha mwisho cha Johnny Dollar, cha tarehe 30 Septemba 1962, nilikiweka akiba kwa siku ya mwisho ya likizo. Wakati huo Dollar alikuwa Mandel Kramer, na watu walishahamia kwenye televisheni. Wengi huihesabu jioni ile kuwa ndiyo redio ya michezo ilipofungwa Marekani. Nilitegemea kuaga kwa machozi. Kikaisha kama vingine, na jumla ya matumizi.

Jumatatu nikarudi kazini na miwani mipya. Faili la kwanza mezani lilikuwa la dereva aliyekwenda Kigoma. Posho ya siku sita, dizeli, pancha mbili, na "gharama nyinginezo" shilingi elfu arobaini. Nikalisoma lote kwa sauti ya Bob Bailey, kichwani. Pancha ya pili ilikuwa Uvinza, saa nane usiku. Nikamwita.

"Kaa, baba. Hebu nisimulie hii ya Uvinza. Taratibu. Na risiti ya dizeli iko wapi?"