Bosi analijua neno, ila ameshiba

Mbwa wangu, Bosi, hukaa chini kabla sijamaliza kutamka "kaa", mradi tu hajala. Akishamaliza bakuli lake, mwambie tena uone: anakutazama, anapiga mwayo, anageukia pembeni. Wanaomkuta saa hiyo husema hafundishiki. Siwakubalii. Neno analijua vilevile. Kilichopungua ni sababu ya kulitii.

Mwaka 1930 wanasaikolojia Edward Tolman na Honzik waliwaachia panya wenye njaa wazunguke kwenye vichochoro vya kupotezana. Kundi moja lilikuta chakula mwishoni kila siku. Jingine halikuambulia kitu kwa siku 10, likawa linazurura na kuingia njia zilizozibwa kana kwamba halijifunzi lolote. Siku ya 11 wakawekewa chakula. Kesho yake makosa yao yakashuka ghafla, wakawafikia wale waliokuwa wakilipwa tangu mwanzo. Njia walikuwa wameshaijua, ila hawakuwa na haja ya kuifuata.

Lakini kumkomoa mnyama kwa njaa hakusaidii. Herbert Birch, mwaka 1945, aliwapa sokwe wachanga mafumbo ya kuvuta chakula kwa kamba na fimbo, baada ya kuwanyima chakula kwa muda tofauti tofauti, hadi saa 48. Walioshiba walivutwa na mambo mengine. Wenye njaa kali walikodolea chakula chenyewe, fimbo iko hapo hapo na hawana habari nayo. Wa katikati ndio waliofumbua vizuri. Bosi naye nikimchelewesha mno haniskilizi kabisa: mate yanamdondoka, macho kwenye mfuko wangu, na kabla sijasema kitu ameshakaa, ameshalala, ameshatoa mkono, vyote kwa mpigo. Hapo hafikiri, anabahatisha.

Linalonifurahisha zaidi ni la ndege aina ya kwezi. Alex Kacelnik na wenzake, mwaka 2004, waliwafundisha alama moja wakiwa na njaa na nyingine wakiwa wameshiba kiasi, chakula kikiwa kilekile. Walipoachiwa wachague, walipendelea ile waliyoifahamu wakati wa njaa, hata siku ambazo hawakuwa na njaa. Baadaye nzige nao wakaonyesha hivyo hivyo. Nzige!

Nashuku ndiyo maana Bosi huikimbilia filimbi kuliko mluzi wangu wa mdomo. Zawadi ni ileile, ila filimbi tulianza nayo asubuhi, tumbo tupu. Mluzi ulikuja jioni, bakuli likiwa limeshalambwa.