Chapwani umeipeleka wapi?

Mwezi uliopita nilimwonyesha baba mdogo ramani niliyoichapa ya visima vya Unguja, rangi zimekolea palipo na visima vingi. Amevua samaki maisha yake yote, na ngalawa yake iko Malindi ya Unguja. Rangi hakuzitazama. Aliweka kidole baharini, juu kidogo ya Mji Mkongwe, akaniuliza: "Mwanangu, Chapwani umeipeleka wapi?"

Kweli kisiwa hicho kidogo hakikuwepo. Kisiwa jirani cha Changuu nacho kilibaki kiraba kimoja.

Kwenye faili la mipaka Chapwani imo, tena imechorwa nukta kwa nukta. Lakini ili kukokotoa msongamano wa visima, kompyuta hutaka eneo lote likatwe viraba, yaani pikseli, na kila kiraba kipewe thamani yake. Natumia R, lugha ya kompyuta ya takwimu, na pakeji yake ya spatstat. Amri yake ya as.mask, usipoiambia kitu, hukata 128 kwa 128. Boksi linaloizunguka Unguja na visiwa vyake ni karibu kilomita 85 kwa 45 (nyuzi za latitudo na longitudo nilishazigeuza mita kwa mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 kusini, usiruke hatua hiyo). Gawanya uone: kiraba kimoja ni mita 664 kwenda juu, 352 upana. Hata mraba si mraba. Kisha kiraba huhesabiwa nchi kavu iwapo kitovu chake kimeangukia nchi kavu. Chapwani ni nyembamba, ikapenya kati ya vitovu kama dagaa kwenye jarife.

Shuleni jambo hili tulilijua bila kompyuta. Kwenye ramani ya 1:50,000 tulihesabu miraba kamili, halafu isiyokamili tukaigawa kwa mbili. Mimi na R yangu tuliisahau ile nusu.

Kisiwa kupotea ni aibu tu. Kilichoniuma ni visima. Saba vya pwani vilikataliwa kwa sababu viraba vyao vilishaandikwa bahari. Onyo lilitokea kwenye skrini, nami nikalipita nikiwa na haraka ya kuchapa.

Nikaenda upande wa pili: kiraba chochote kilichoguswa na nchi kavu, hata kwa ncha, kihesabiwe. Programu nyingine, gdal_rasterize, inakuruhusu. Chapwani ikarudi, imenenepa kupita kiasi. Kisiwa cha Uzi kikagandana na Unguja, kana kwamba hakuna maji katikati. Pwani nzima ikavimba, na eneo likizidi, msongamano wa visima unashuka bila kisima hata kimoja kufukiwa.

Nilichoishia nacho ni pixellate, amri nyingine ya spatstat. Hii haiulizi ndiyo au hapana. Inapima kila kiraba kina nchi kavu kiasi gani. Chenye robo huandikwa robo, na visima vyake hugawanywa kwa robo hiyo, si kwa kiraba kizima. Nikapunguza viraba hadi mita 50 kwa 50: kutoka 16,384 vikawa 1,530,000, feni ya laptop ikapiga kelele hadi mtoto akauliza kuna nini.

Tusidanganyane lakini. Viraba vidogo havikuniongezea kisima kimoja ninachokijua. Msongamano wenyewe nimeulainisha kwa kilomita 1, yaani kila kisima nimekitandaza kama kiasi hicho kukizunguka, kwa hiyo katikati, kule Dunga, rangi hazikubadilika kitu. Tofauti yote iko ukingoni mwa bahari. Nikiona mtu anajisifia ramani ya mita 5 na data yake imekusanywa shehia kwa shehia, nanyamaza tu.

Jumamosi nilimpelekea baba mdogo ramani mpya. Akaivuta karibu na dirisha, akaipata Chapwani, akaguna. Kisha kidole kikashuka magharibi ya Mji.

"Na Pange?"

"Fungu hilo la mchanga halimo kwenye faili, baba. Maji yakijaa linazama."

"Basi andika hapo chini ulichora maji yakiwa wapi."