Mstari Shavuni kwa Bibi

Leo nimechapa rangi ya tatu ya picha ninayoichonga kwenye ubao na kuichapa kwenye karatasi. Mikono inanuka mafuta ya wino hata baada ya kunawa mara mbili.

Ubao ni wa mti wa musizi, niliununua Ndeeba, Kampala. Mzee aliyeniuzia aliupapasa, akaugeuza, akaniambia, "Binti, kabla hujachonga tazama nyuzi zinaelekea wapi. Ukienda kinyume zitachanika." Kweli kabisa. Patasi ikifuata nyuzi hutoa uzi mwembamba unaojikunja kama ganda la chungwa. Ikienda kinyume, hung'oka kipande ambacho hukukikusudia.

Ninachapa sura ya bibi amejitanda leso, nakala 12 tu. Ubao ni huo huo mmoja kwa rangi zote, kama anavyofanya Fred Mutebi, mchapaji wetu wa hapa Uganda ambaye kazi zake ndizo zilizonitia hamu. Unachapa njano kwenye karatasi zote, unachonga patakapobaki njano ili pasishike wino tena, unachapa hudhurungi juu yake, unachonga tena, hivyo hivyo hadi nyeusi. Japani, miaka ya 1830 ya wachoraji akina Hokusai, kila rangi ilikuwa na ubao wake wa mti wa cheri, na mchoraji, mchongaji na mchapaji walikuwa watu mbalimbali. Mimi niko peke yangu, na nikishachonga, rangi iliyopita siwezi kuichapa tena. Nakala ya 13 haitakuwepo.

Jana usiku nilikuwa nachonga mwanga chini ya jicho lake la kushoto. Ubaoni ni la kulia, maana kila kitu kinakaa kinyume. Maneno ya kwenye leso niliyachonga huku nikiyasoma kwenye kioo. Patasi ikateleza. Ikakata mstari shavuni, urefu wa punje ya mchele. Nilizima taa nikaenda kulala, lakini usingizi ulikataa.

Asubuhi nilipaka wino kwa rola, nikalaza karatasi moja, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, kuanzia katikati kwenda pembeni. Nikainua ncha. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Dada, mbona bibi analia?"

Bibi sikuwahi kumwona akilia. Niliutazama ule mstari muda mrefu, ndipo nikakumbuka mashavu yake yalivyokuwa hasa: mikunjo mitupu, hasa akicheka. Nilikuwa nimeiacha yote, nikamlainisha uso kama msichana. Kwa nini? Nilidhani ndiyo heshima.

Nikafuta wino, nikachukua patasi, nikachonga mikunjo minne kando ya ule mstari, safari hii nikifuata nyuzi za mbao. Kisha nikachapa karatasi 11 zilizobaki.

Sasa zote zinaning'inia kwenye kamba sebuleni. Mvua haijakatika tangu mchana, wino utachelewa kukauka. Ile ya kwanza nimeitundika mwisho, karibu na dirisha. Hiyo ina mstari mmoja tu.