Ruta chini ya kitambaa cha mavyaa

Miezi minne nimegombana na watu wa intaneti. Tunakaa Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa, watu tisa: mavyaa wangu chini, sisi katikati, shemeji na mkewe juu. Tulikuwa tumechoka na bando za simu, tukavutiwa faiba, intaneti ya waya, kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde. Ikifika saa mbili usiku, kila kitu kinaganda. Mimi hunukuu mikutano ya watu kwa malipo. Faili moja la sauti la megabaiti 300 lilikuwa likinikalisha nusu saa na zaidi kulishusha.

Nikipiga simu, jibu ni lile lile: zima, uwashe. Nimezima, nimewasha, hadi kitufe kimelegea. Na kilichoniuma ni kwamba nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa hii hii mwaka 2009, ndipo mawasiliano yakapanda bara. Sisi tuko mlangoni, na mlangoni ndiko tunakolala njaa!

Mwisho akaja fundi, kijana mpole, saa nne asubuhi watoto wako shule. Akapima kasi kwa simu yake kando ya ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani: megabiti 9.7. Tukapanda ngazi. Chumbani kwangu: 1.1. Kwa shemeji, hata kupima hakukuwezekana. Akagonga ukuta kwa konzi. "Mama, hii si nyumba, ni ngome."

Kweli. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa nzima. Ruta yenyewe ilikuwa ndani ya shubaka, nyuma ya televisheni, na mavyaa ameifunika kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Nilipoigusa ilikuwa ya moto kama kaimati.

Hapo ndipo nikaelezwa mambo mawili ambayo ningeelezwa siku ya kwanza. Mawimbi ya ruta ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini ukuta huyashinda, ya 2.4 hupenya kidogo zaidi, ila majirani wote wamo humo wanasukumana. La pili, biti si baiti: kasi hupimwa kwa biti, faili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Faili langu la megabaiti 300, hata mambo yakiwa sawa, halipungui dakika nne. Mimi nilikuwa nikihesabu nusu dakika, na kwa hesabu hiyo nimeshamfokea mtu wa watu kwenye simu.

Nikanunua waya wa mtandao mita 20 Barabara ya Digo, na ruta ya pili iliyotumika. Waya nikaupandisha ngazini mwenyewe, nikiupigilia vibanio kila hatua, mume wangu akinishikia tochi na kunipa ushauri nisiouomba. Ruta ya pili ikakaa kwenye kikomo cha ngazi, wazi. Chumbani kwangu ikasoma 9.

Lakini saa mbili usiku ikaganda tena. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa: 21. Sisi wote kwa jumla tuna 11.

Nikashuka kwa mavyaa. "Mama, paswadi umempa nani?"

"Watoto wa barazani. Wana kazi za shule."

"Wote hao?"

"Mtu akikuomba maji, utamfungia mfereji?"

Hapo sikuwa na la kusema. Yeye mwenyewe kila Ijumaa huzungumza na dada yake aliye Maskati kwa video, saa nzima, na nani atamwambia apunguze? Kubadilisha paswadi ningeweza kwa dakika moja, lakini salamu za jirani zingekauka mwaka mzima. Nikatafuta kwenye mipangilio nikakuta sehemu ya mtandao wa wageni. Nikaufungua, jina BARAZANI, nikaupimia megabiti 2, ujifunge wenyewe saa nne usiku. Paswadi ya nyumbani ndiyo niliyobadilisha, na hiyo mavyaa hajui. Simu yake nimemwekea mwenyewe.

Stima zikipotea tuna kibetri cha volti 12 kinachoshika ruta zote mbili, saa mbili hivi.

Juzi mtoto mmoja alinisimamisha mlangoni: "Halati, saa nne ni mapema sana." Nikamwambia aende akalale. Kitambaa nimemrudishia mwenyewe, sasa kimefunika redio.