Siku moja maishani mwangu: kiti cha kulia

Saa 10:15 alfajiri

Mimi ni rubani msaidizi, yule anayekaa kiti cha mkono wa kulia, kando ya kapteni. Simu inalia, na kabla sijashuka kitandani nimeshaanza kujikagua. Pua iko wazi? Mafua ambayo mtu wa ofisini anaenda nayo kazini, mimi yananibakiza nyumbani. Ndege ikianza kushuka, hewa iliyonasa masikioni na nyuma ya paji la uso inauma vibaya, na inauma wakati ule ule kazi inapokuwa nzito. Dawa nyingi za mafua nazo zinaleta usingizi, kwa hiyo huwezi kumeza kidonge ukajifanya mzima. Pombe ina hesabu yake. Marekani wanataka zipite saa 8 tangu glasi ya mwisho na kiwango kwenye damu kisifike asilimia 0.04, Ulaya wameweka nusu ya hapo. Mashirika mengi huongeza masharti yao juu ya hayo.

Mkobani: leseni, cheti cha afya, pasipoti, miwani ya pili. Cheti changu kinasema navaa miwani, na mwenye sharti hilo lazima awe na jozi ya akiba karibu naye. Ya kwanza ikivunjika angani siwezi kwenda kuazima ya abiria.

Saa 12:00 asubuhi

Naripoti, na saa ya zamu inaanza kuhesabu. Kanuni tunazozifuata zinafanana na za Ulaya: zamu ya kurusha ndege inayoanza saa hizi mwisho wake ni saa 13, kisha kila sekta, yaani safari moja ya kupaa na kutua, inayozidi mbili inapunguza nusu saa. Leo tuna sekta nne, kwenda na kurudi mara mbili, kwa hiyo tumebakiwa na saa 12. Saa 12:00 jioni ndege iwe imeegeshwa na injini zimezimwa. Rosta inasema tutamaliza saa 10:35 jioni. Kwenye karatasi kila kitu kinatosha.

Kapteni ameshafika na kashika utabiri wa hali ya hewa wa vituo vyote. Sekta ya tatu ndiyo inayomkera: mawingu ya radi mchana, huko huko tunakokwenda. Tunageukia mafuta, ambayo yana mafungu yake: ya kutembea uwanjani, ya safari yenyewe, ya akiba ya njiani ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya safari, ya kukimbilia uwanja mbadala, halafu fungu la mwisho kabisa, dakika 30 za kuzunguka kwenye futi 1,500 juu ya uwanja. Hilo la mwisho hakuna anayepanga kuligusa. Rubani akipiga hesabu akaona atatua likiwa limeshaanza kuliwa, lazima atangaze Mayday, wito wa dharura. Juu ya mafungu yote hayo kapteni anaweza kuongeza anavyoona inafaa.

"Ya tatu tutie dakika arobaini zaidi," anasema.

Mafuta ya ziada ni uzito, na kubeba uzito kunachoma mafuta, kwa hiyo ofisini huwa hawayafurahii. Lakini sahihi ni ya kapteni, na wajibu ni wake.

Saa 12:35 asubuhi

Naizunguka ndege kwa miguu. Matairi, vioo vya taa, michirizi ya mafuta chini ya injini, mirija ya kupimia kasi kama haijazibwa na wadudu. Kwenye kila breki kuna kipini kidogo cha chuma kinachochomoza, na kadiri breki inavyolika ndivyo kipini kinavyozidi kuzama. Nachuchumaa chini ya gurudumu la kushoto na tochi: kimebaki kama upana wa kidole. Safi.

Ndani, kapteni anasoma daftari la ufundi. Injini ndogo ya mkiani, ile inayoipa ndege umeme na hewa ikiwa chini, haifanyi kazi. Ipo kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuharibika kwa muda, na mafundi wamepewa siku 10 kuitengeneza. Tutatumia umeme wa uwanja, na injini kubwa zitawashwa kwa hewa ya gari la kuwashia. Ni halali kabisa. Ninachosema mimi ni kwamba uhalali wa asubuhi wakati mwingine unakuja kulipwa mchana.

Saa 1:00 asubuhi

Sekta ya kwanza anaruka kapteni, mimi nafuatilia. Watu hudhani anayefuatilia amepumzika. Mimi ndiye ninayezungumza na waongozaji wa ndege, ninayesoma orodha za ukaguzi, na ninayetakiwa kusema kwa sauti kila kinachotoka kwenye mstari: kasi, kimo, uelekeo. Nisiposema, anayeruka hana wa kumwambia.

Juu angani kapteni ananisimulia harusi ya bintiye, jinsi msafara ulivyopotea njia na bwana harusi yumo ndani. Tunashuka tukipita futi 10,000 na anakatisha katikati ya sentensi. Chini ya hapo hatusemi lisilohusu ndege. Marekani waliiandika kanuni hiyo mwaka 1981. Miaka saba kabla yake, ndege ya Eastern Air Lines ilianguka karibu na Charlotte ikienda kutua, marubani wakiwa wanapiga soga za siasa na magari. Walikufa watu zaidi ya 70. Mpaka leo sijui yule bwana harusi alifikaje.

Saa 3:35 asubuhi

Ya pili naruka mimi. Hakuna la kusimulia. Kwenye futi 1,000 magurudumu yako chini, kasi iko sawa, kapteni anatamka kwamba ndege imetulia, na ninatua. Kama isingetulia tungepaa tena, bila kujadiliana. Tumekula njiani, kila mmoja chakula tofauti, ili kimoja kikiwa kibovu asiumwe zaidi ya mmoja.

Saa 7:50 mchana

Sekta ya tatu, na utabiri ulikuwa sahihi. Radi imekaa juu ya uwanja. Waongozaji wanatuambia tuzunguke na kusubiri, pamoja na ndege nyingine mbili zilizo juu yetu. Kapteni anaruka, mimi nina kalamu. Kufika uwanja mbadala tunahitaji tani 1.5 za mafuta, fungu la mwisho tani 1.2. Jumla tani 2.7, tunakubaliana 2.9. Naiandika namba hiyo kubwa kwenye karatasi na kuibana mbele yetu wote wawili. Ikifika, tunaondoka, hata kama mnara utasema uwanja unafunguliwa baada ya dakika mbili.

Faida ya kuiandika mapema ni kwamba hatutabishana nayo. Hapa bado akili zimetulia. Tukiwa na tani 3.0, mvua ikianza kupungua na abiria wakichungulia madirishani, kila mmoja wetu angeweza kujikuta anaomba mzunguko mmoja zaidi.

Tunaitwa tukiwa na 3.4. Zile dakika arobaini za asubuhi zimefanya kazi yake. Tunaegesha saa 8:40 mchana.

Saa 9:00 alasiri

Radi inarudi. Uwanja unasimamisha kazi zote za nje: hakuna anayeruhusiwa kukaa karibu na ndege, wala kutia mafuta, wala kushusha mizigo. Hapo ndipo deni la asubuhi linapodaiwa. Umeme tunao, lakini bila ile injini ya mkiani hakuna kiyoyozi, na gari la kupoza hewa halisogei radi ikipiga. Abiria wa kurudi bado wako ukumbini, wamepona. Sisi tumo ndani ya bomba la chuma lililofungwa milango kwa sababu ya mvua. Wahudumu wamevua makoti, wanajipepea kwa kadi za maelekezo ya usalama.

Kazi za nje zinarudi saa 10:15. Kuna foleni ya mafuta, na foleni ya gari la kuwashia injini. Napiga hesabu: tukiondoka saa 11:00 jioni, tutaegesha nyumbani saa 12:50. Tumezidisha dakika 50.

Saa 10:30 jioni

Kanuni inampa kapteni hiari ya kuongeza zamu hadi saa 2, pale mambo yanapoharibika baada ya wafanyakazi kuripoti, na baada ya kuwauliza wenzake hali zao. Ni hiari, hakuna anayeweza kumlazimisha kuitumia. Simu kutoka ofisini haisikiki hivyo. "Kapteni, utaongeza, sivyo?" Kana kwamba zile saa 2 ni sehemu ya rosta.

Nimeona makapteni wakiuliza hivi: wanasimama mbele ya wahudumu wote, "Jamani, mko sawa?" Wote wanaitika ndiyo. Nani atakuwa wa kwanza kusema hapana mbele ya wenzake wanaotamani kwenda kulala kwao? Huyu hakufanya hivyo. Alianza na mimi, mlango umefungwa. Nikamwambia ukweli: nimechoka ila naweza; na kwa kuwa sekta hii ni zamu yangu kuruka, ningependa atue yeye kama mvua itatufuata. Kisha akaenda nyuma, akavuta pazia, akawaita mmoja mmoja.

Alirudi akakaa. "Mmoja hawezi."

Ndege yetu ina viti 180, na kanuni inataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Maana yake wanne, na tuko nao wanne tu. Akitoka mmoja, abiria hawapandi.

Marekani waliandika upya kanuni zao za uchovu baada ya ndege kuanguka karibu na Buffalo mwezi wa pili mwaka 2009, ikaua watu 50. Tangu 2014 rubani wa huko anapata saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Lakini hakuna kifungu, huko wala kwetu, kinachoweza kupima uchovu wa mtu kwa niaba yake. Lazima aseme mwenyewe, na akishasema asiadhibiwe.

Kapteni akapiga simu ofisini. Nilisikia upande wake tu.

"Haturudi leo." Kimya. "Hapana, sitataja jina. Andika kwamba wafanyakazi wa kapteni hawatoshi." Kimya kirefu zaidi. "Basi andika jina langu."

Akavaa kofia, akaenda lango la abiria kuwaambia mwenyewe. Hilo kanuni haimdai. Huku nyuma naendelea kuifunga ndege: madaftari, swichi, betri. Alirudi shati limelowa jasho, akasema mzee mmoja amemwita mwoga na mama mmoja amemshukuru, basi.

Saa 11:30 jioni

Tunatoka kazini rasmi. Mpangaji wa rosta ananipigia: kesho turipoti saa 10:00 alfajiri, kwa sababu mapumziko ya wanaolala mbali na kituo chao ni muda wa saa 10, na ametupa hata nusu saa ya ziada.

"Ni saa 10 au urefu wa zamu iliyopita, ipi ni kubwa zaidi," namwambia. "Tumeanza saa 12 asubuhi, tumemaliza sasa hivi. Hizo ni saa 11 na nusu."

Anahesabu. Nasikia kibodi.

"Saa 11:00 alfajiri, basi."

"Saa 11:00. Na tafadhali, gari la kuwashia injini mliagize usiku huu huu."